Kujadili mshahara ukihama kazi ya teknolojia: anza na hesabu ya mkononi

Ofa ya kazi huja na mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, na hiyo ndiyo namba watu huishangilia. Inayolipa kodi ya nyumba ni nyingine: ile inayobaki mkononi baada ya makato. Mwongozo huu ni wa developa, mchambuzi wa data au fundi wa mtandao aliyeajiriwa Tanzania Bara kwa mkataba wa kawaida. Zanzibar wana utaratibu wao.

Hatua ya 1: Jua nyongeza inakatwaje

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 10 ya mshahara ghafi upande wako. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 kwa kila shilingi iliyo juu yake. Kwa mshahara wa 3,000,000 hesabu inakwenda hivi: NSSF 300,000, zinabaki 2,700,000; PAYE ni 128,000 jumlisha 510,000, yaani 638,000. Mkononi inaingia 2,062,000.

Sasa jaribu 4,000,000. NSSF 400,000, PAYE 908,000, mkononi 2,692,000. Milioni moja ya nyongeza imekuwa 630,000. Ukishavuka kiwango cha asilimia 30, kila laki moja ghafi unayoipigania inakuletea 63,000 tu. Kama bado unadaiwa na HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wao hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi (bila posho), kwa hiyo laki hiyo inabaki 48,000. Viwango vya kodi hubadilishwa na sheria ya fedha, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu vihakiki kwa TRA, mamlaka ya mapato.

Hatua ya 2: Weka kiwango usichoshuka

Anza na fedha unayotaka iongezeke mkononi, halafu urudi nyuma. Unataka 600,000 zaidi kwa mwezi? Gawanya kwa 0.63, utapata kama 952,000 ghafi. Mwenye deni la HESLB anagawanya kwa 0.48 na kupata 1,250,000. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu wawili waliokubali ofa moja kuwa na nyuso mbili tofauti mwisho wa mwezi.

Kisha toa gharama za kuhama. Chukua developa anayefanya kazi nyumbani kwa 3,000,000, anadaiwa na HESLB, na amepewa ofa ya 3,500,000 katika ofisi inayotaka aonekane kila siku. Nyongeza ya mkononi ni 240,000. Nauli na chakula cha mchana vikiwa 12,000 kwa siku, kwa siku 22 ni 264,000. Amepandishwa mshahara wa nusu milioni na kila mwezi anapungukiwa 24,000.

Bima nayo iingie kwenye hesabu. Kama ya sasa inamhudumia mwenza na watoto na ile mpya ni yako peke yako, tafuta bei ya kuwakatia wao na uitoe kwenye nyongeza.

Hatua ya 3: Usiuze kwa bei ya zamani

Simu ya kwanza kutoka kwa afisa rasilimali watu karibu lazima iwe na swali hili: "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" Ukitaja, mazungumzo yote yatafanyika juu ya namba hiyo. Jibu kwa adabu: "Ningependa kwanza nielewe majukumu vizuri, ndipo nitaje ninachotarajia. Nyinyi nafasi hii mmeitengea kati ya kiasi gani na kiasi gani?" Wengi hutaja.

Akishikilia, taja unachotarajia, siyo unachopokea. Usidanganye, maana kampuni nyingi huomba slipu za mshahara za miezi mitatu kabla ya kukamilisha, na uongo wa laki tatu unaweza kufuta ofa nzima. Kunyamaza kuhusu mshahara wako ni haki yako, kuughushi ni jambo jingine kabisa.

Kila mara uliza: "Hiyo ni ghafi au ya mkononi?" Kampuni ndogo hupenda kutaja ya mkononi, na sehemu yake mara nyingine hulipwa kama posho isiyoonekana kwenye slipu. Inapendeza mpaka siku unayoomba mkopo benki, au unapokuta michango yako ya NSSF imehesabiwa kwenye kiasi kidogo.

Hatua ya 4: Omba baada ya ofa, kabla ya saini

Nguvu yako kubwa iko katika siku hizi chache. Wameshakuchagua na wamechoka kusaili. Omba ofa kwa maandishi, lala nayo usiku mmoja, kisha jibu kwa barua pepe fupi:

"Habari za kazi. Nashukuru sana kwa ofa, na kazi yenyewe naipenda. Kwa kuwa nitasimamia mfumo wa malipo pamoja na zamu za usiku, naomba mshahara uwe 4,200,000 ghafi badala ya 3,700,000. Tukikubaliana hapo, nitasaini wiki hii."

Ni namba moja, sababu inayohusu kazi yao, na ahadi ya kumaliza jambo. Usiandike "kati ya 3,900,000 na 4,300,000", watasoma ya kwanza tu. Wala usitaje ada za shule na kodi ya nyumba: hata anayekusoma anazo.

Fahamu na upande wao. Juu ya mshahara wako kampuni hulipa NSSF asilimia 10, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5 ikiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5. Mtu wa 4,000,000 anawagharimu 4,560,000. Kwa hiyo "bajeti imefika mwisho" wakati mwingine ni kweli.

Ikiwa ni kweli, hamia kwenye mambo yasiyogusa mshahara: siku mbili za kufanya kazi nyumbani, bima ya familia, malipo ya zamu, kompyuta na bando. Au mshahara uangaliwe upya baada ya muda wa majaribio, kiasi na tarehe vikiandikwa ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomoni huondoka na meneja aliyeitoa.

Wakikuita mshauri wa kujitegemea badala ya mwajiriwa, usiilinganishe namba hiyo na mshahara. Watakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, lakini hesabu za kodi ya mwaka ni zako, na hakuna mchango wa NSSF wa mwajiri wala likizo yenye malipo.

Hatua ya 5: Aga kwa mpangilio

Usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Soma kwanza, kisha mpe mwajiri mpya tarehe ya kuanza unayoweza kuitimiza. Angalia pia kama kuna kipengele cha kurudisha gharama za mafunzo: kikikubana, taja kiasi hicho wakati wa kujadili ofa, kabla hujasaini.

Mwisho, nenda benki. Mkopo wa mshahara umefungwa kwa mwajiri wako wa sasa, na benki inaweza kutaka mwajiri mpya awe na makubaliano nayo. Dai siku za likizo ulizolimbikiza zilipwe kwenye malipo ya mwisho, na usiondoke bila hati ya utumishi, yaani karatasi ya mwajiri inayothibitisha kwamba ulifanya kazi kwake.