Kuchagua Muundo wa Utafiti wa Saikolojia Usio wa Majaribio, Hatua kwa Hatua

Wanafunzi wengi ninaowasimamia huja na dodoso mkononi kabla hawajawa na swali, na hapo ndipo kazi inapoanza kwenda mrama.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha ulitazame kitenzi chake. Ukiwa umeandika "husababisha" au "huathiri", unahitaji jaribio, yaani uweze kuwagawa washiriki katika makundi kwa bahati nasibu. Lakini hakuna mtafiti awezaye kumpangia mtoto afiwe na mzazi. Kwa maswali ya namna hiyo tunatumia miundo isiyo ya majaribio, na kitenzi kinapaswa kuwa "huendana na" tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2. Chagua muundo ambao udhaifu wake unaweza kuuvumilia. Dodoso la mara moja ni rahisi na huwafikia wengi, ila halionyeshi kilichotangulia: ukikuta kwamba wanaolala kidogo ndio wenye wasiwasi mwingi, huenda wasiwasi ndio unaowanyima usingizi, au mtihani wa wiki ijayo umeleta yote mawili. Tena uwiano (kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyoendana) wa 0.30, ambao wengi huushangilia, ukizidishwa kwa wenyewe ni 0.09, yaani unaeleza 9% tu ya tofauti zilizopo baina ya watu.

Utafiti wa kufuatilia huonyesha mfuatano huo, kama ule wa Dunedin, New Zealand, unaowafuata watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, lakini shahada yako haitasubiri miaka hamsini. Uchunguzi kifani, yaani wa mtu mmoja au wachache, nao huchimba kwa kina. Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953, hakuweza tena kukumbuka matukio mapya, ila mwanasaikolojia Brenda Milner alimwona akizidi kuwa hodari wa kuchora kwa kutazama kioo, ingawa hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo. Mtu mmoja alitosha kuonyesha kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Asingetosha kutueleza hali za watu wote.

Hatua ya 3. Ukiamua kuangalia watu katika mazingira yao, wazoeshe kwanza uwepo wako. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipoanza kuwatembelea watoto wachanga 28 wa familia 26 karibu na Kampala mwaka 1954, alirudi nyumbani kwao mara kwa mara kwa miezi kadhaa, akaona mtoto anavyotambaa kwenda mbali na mama kisha kumrudia, jambo ambalo dodoso lisingelinasa. Mgeni akibisha hodi, nyumba haibaki ilivyokuwa. Kwa hiyo binafsi sihesabu data za ziara mbili za mwanzo.

Hatua ya 4. Weka waangalizi wawili, na usiridhike na asilimia ya kukubaliana. Tuseme vipande 100 vya muda vimeangaliwa, kila mmoja ametia alama ya "analia" mara 10, nao wamekubaliana kwenye vipande 90. Inapendeza, lakini kwa kubahatisha tu wangekubaliana kwenye 82 (0.9 × 0.9 + 0.1 × 0.1). Kappa, yaani kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa yale ya kubahatisha, ni (0.90 − 0.82) ÷ (1 − 0.82), sawa na 0.44, ambayo kwangu haitoshi: rudini mkafafanue upya maana ya "kulia", kwa kuwa huenda mmoja anahesabu hata kunung'unika.

Hatua ya 5. Ripoti ikikamilika, tafuta neno "huathiri" ndani ya faili lote. Mara nyingi utalikuta kwenye hitimisho, limerudi kimyakimya.