Namna ya Kutambua Hadhi ya Msitu wa Mlimani: Mfano wa Amani, Usambara Mashariki

Anayetaka kujua kama msitu wa mlimani nchini Tanzania umehifadhiwa kweli aanze na daraja lake kisheria, kwa maana hifadhi zote hazilindwi kwa kiwango kimoja. Hifadhi ya Taifa, kama ile ya Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992, ipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na ndani yake hairuhusiwi kuvuna magogo. Ipo pia misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu, ya halmashauri na ya vijiji, yenye masharti yanayotofautiana. Kibao cha njiani hakitoshi: omba kuonyeshwa tangazo katika Gazeti la Serikali pamoja na ramani ya mipaka.

Utambuzi wa kimataifa ni jambo jingine. Mwaka 2000 UNESCO iliitambua Usambara Mashariki kuwa Hifadhi Hai (biosphere reserve), lakini eneo hilo limejumuisha vijiji na mashamba ya chai, hivyo haifai kudhani kwamba kila mti uliomo umekatazwa kukatwa.

Hali ya msitu wenyewe husomwa kwa miguu, na hapa ndipo panapohitaji subira. Ukiwa na kibali na mwongozaji, tazama chini kabla ya kutazama juu. Katika Usambara Mashariki wakulima wamekuwa wakipanda iliki chini ya miti mikubwa. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde utaona vilele vya miti vimeshikana vizuri, kumbe chini miche ya miti ya asili imepaliliwa pamoja na magugu, na mti mkubwa ukianguka hauna wa kurithi nafasi yake. Chunguza pia Maesopsis eminii, mti mgeni wa majani yanayong'aa na yenye meno pembezoni, ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo. Ukiwa umetawala sehemu iliyo wazi, aghalabu hapo miti ilikatwa zamani.

Ukikuta kisiki kibichi, usimfuate aliyekata. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha peleka taarifa ofisi ya TFS iliyo karibu.