Somo: Kupanda kotimiri kwenye joto la Lamu, na kuiacha ichanue

Kaskazi ikishaingia, maswali ni yale yale: dania yangu imerefuka, imetoa maua, na sijachuma hata ya kachumbari moja, nimekosea wapi? Hujakosea. Kotimiri, ndiyo hiyo dania, ni mmea unaoishi msimu mmoja na haja yake ni kuzaa. Asili yake ni pande za Mediterania na Asia ya Magharibi, ambako huota wakati wa baridi na kuzaa joto linapoanza kupanda. Ikipata joto na kiu, inajua msimu wake unakwisha, basi inakimbilia maua. Ulaya urefu wa mchana nao huisukuma, lakini sisi huku karibu na Ikweta mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Letu ni joto na ukavu tu.

Kwa hiyo humu hamna hila ya kuzuia maua, na anayewauzia dawa ya kuyazuia anawala pesa. Nitakalofundisha ni kupanda kidogo kidogo, kuchuma mapema, na maua yakija kuyaacha, maana humo ndimo inamotoka giligilani, yaani punje zake.

Hatua ya kwanza: wakati. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Mvua kubwa za masika zimepungua, kusi inavuma na hewa imepoa. Ukipanda katikati ya masika yenyewe, matone yanalaza miche chini na mashina yanaoza. Ukipanda Januari au Februari utapata, ila majani ni machache na maua ni ya haraka. Panda, lakini usinilaumu.

Hatua ya pili: mahali. Hapa ndipo watu wa mji wa kale tunapopata taabu. Kiwanda cha nyumba, ule uwanja wa katikati, una kuta ndefu. Asubuhi jua halifiki chini, na jioni limeshaondoka. Linaloingia ni la saa sita, la utosini, na hilo ndilo kotimiri isilolitaka. Mmea unakaa kivulini saa nyingi unarefuka shingo kutafuta mwanga, halafu unachomwa kwa saa mbili. Panda juu darini badala yake, upande utakaopata jua la asubuhi, na kuanzia saa tano uwe na kivuli cha kuti moja au mbili zilizolazwa juu ya vijiti. Nyumba ikiwa inatazama bahari, weka chombo nyuma ya ukuta. Upepo wa kusi hubeba chumvi, na majani huanza kukauka kwenye ncha.

Hatua ya tatu: chombo na udongo. Kotimiri ni jamaa wa karoti, na kama karoti ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja chini. Chombo kifupi hakifai. Tafuta chenye kina cha sentimita 25 hivi: ndoo iliyopasuka mdomo, mtungi wa mafuta wa lita 20 uliokatwa juu, debe. Toboa chini matundu ya kutosha. Changanya udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja. Samadi ya punda Lamu haina bei, lakini isiwe mbichi. Iache miezi kadhaa kwenye kivuli mpaka isiwe na joto ukiingiza mkono, na isinuke tena. Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata ukiuosha. Walio Malindi karibu na Sabaki mna udongo wa mto, mzito na wenye rutuba, nyinyi ongezeni mchanga wa bara ili maji yapite.

Hatua ya nne: mbegu, na hapa tukae kidogo.

Huna haja ya pakiti ya bei ghali. Giligilani ya duka la viungo huota, mradi iwe nzima, isiwe imekaangwa, na isiwe ya zamani sana. Inuse: ikiwa haina harufu, iache. Kisha tazama punje moja kwa karibu. Ile duara unayoiona si mbegu moja, ni nusu mbili zilizofumbatana ndani ya ganda, na kila nusu inatoa mche wake. Zimwage juu ya kitambaa, pitisha chupa juu yake kwa mkono mwepesi mpaka usikie zikipasuka. Usitumie kinu, utapata bizari badala ya mbegu. Zikishagawanyika, ziloweke usiku mmoja.

Asubuhi chora mfereji wa kina cha sentimita moja, angusha mbegu kwa nafasi ya vidole viwili, funika, mwagia maji taratibu. Pandia pale pale zitakapokulia. Mche wa kotimiri ukihamishwa mzizi unakatika, na mmea uliokatika mzizi unachanua kabla ya wakati. Miche hutoka baada ya wiki moja hadi mbili, wakati mwingine tatu, kwa hiyo usiifukue siku ya tano kuangalia. Wiki mbili baadaye panda mstari mwingine, na wiki mbili tena mwingine. Chombo kimoja kikubwa chenye mistari ya umri tofauti kinatosha nyumba ya watu sita, labda kama mna harusi.

Hatua ya tano: maji. Onja maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Ukiisikia chumvi ulimini, kotimiri itaisikia zaidi. Tumia ya mvua uliyokinga, au ya bomba. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kutandazwa juu ya udongo husaidia sana, mizizi inabaki baridi.

Hatua ya sita: kuchuma. Mmea ukifika kimo cha kiganja, anza. Kata majani ya nje, acha ya katikati. Majani ya mwanzo ni mapana, yenye meno ya duara, na haya ndiyo ya kupamba samaki wa kupaka. Ukiona yanayotoka sasa ni membamba kama manyoya, shina la ua liko njiani. Siku hiyo hiyo chuma mapana yote yaliyobaki, saga na pilipili mbichi, ndimu na chumvi, upate chatini ya kulia bajia.

Hatua ya saba: maua na giligilani. Shina litapanda, kisha litagawanyika juu kama vijiti vya mwavuli, vyote vikianzia sehemu moja, na kila kijiti kina mwavuli wake mdogo. Maua ni meupe au ya waridi iliyofifia. Ukiyatazama vizuri utaona petali za pembeni ni kubwa na za katikati ni ndogo. Nyuki huyapenda mno, na pia wadudu wadogo ambao mabuu yao hula vidukari, basi ukiwa na bamia au nyanya ziweke jirani.

Punje zikiwa kijani zina harufu kali sana, na zikipondwa kwenye mchuzi wa nazi ni tamu kwa namna ambayo jani wala bizari haifikii. Sokoni hazipatikani, anayezila ni aliyepanda. Zilizobaki ziache mpaka nyingi zigeuke hudhurungi. Kata vichwa asubuhi mapema kungali na umande, kwa sababu saa sita zimekauka na ukizigusa zinapukutika chini. Vitie ndani ya mfuko wa karatasi, uning'inize mahali penye hewa, halafu vipukuse. Tangu kupanda hadi hapa ni miezi mitatu hadi minne. Sehemu moja ni ya jikoni, sehemu nyingine ni ya kupanda. Na wala si kazi ya jana: giligilani ilikutwa kaburini mwa Tutankhamun, kaburi lililofunguliwa mwaka 1922, na Misri mmea huu hauoti mwituni, ina maana kuna aliyeulima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Langoni: Shikamoo mwalimu. Yangu inaota vizuri, halafu ikiwa na majani mawili inaanguka kama imekatwa na wembe. Ni mdudu?

Marahaba mama. Tazama shina pale linapotokea udongoni. Likiwa limekonda na kuwa jeusi, ni ukungu wa udongo uliolowa sana. Punguza maji, miche iwe na nafasi, hewa ipite. Likiwa limekatwa safi na kipande kimelala pembeni, ni kiwavi anayejificha udongoni mchana. Fukua na kidole kuzunguka mche, utamkuta amejikunja.

Kijana wa Mambrui: Naweza kukata ua ili mmea urudi kutoa majani?

Unapata siku chache tu. Mmea ukishageuka, umegeuka, na majani yatakayotoka ni yale ya manyoya. Kata kama una wageni leo usiku, vinginevyo uache uzae.

Dada wa Shela: Mume wangu anasema kotimiri inanuka sabuni, na mimi nadhani anatafuta sababu ya kutokula. Nani mkweli?

Msamehe, dada. Harufu ya jani inatokana na aldehaidi, na aldehaidi za aina hiyo zimo kwenye sabuni pia. Wapo watu wanaozisikia kwa ukali kuliko wengine, na watafiti wameihusisha hali hiyo na jeni moja ya kunusa iitwayo OR6A2. Jaribu kuisaga kabisa, kusagwa hupunguza harufu ile. Akikataa tena, mpe giligilani, ladha yake ni nyingine kabisa.

Mwanachama wa Malindi: Kando ya njia ya kwenda shamba kuna mmea una majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Ni kotimiri mwitu? Naweza kuchuma?

Usichume, ndugu yangu. Kwanza angalia maua. Kama ni vichwa vidogo vidogo vilivyotawanyika juu, bila vijiti vya mwavuli vinavyoanzia sehemu moja, huenda ni parthenium, gugu lililoenea sehemu nyingi za Kenya. Hilo si jamaa ya karoti kabisa, na linawasha ngozi, usiling'oe kwa mkono mtupu. Na hata ukikuta mwavuli kamili, bado usile. Ukoo huu una karoti, shamari, bizari nyembamba na kotimiri, lakini una pia Conium maculatum, mmea wa sumu aliyonyweshwa Sokrati, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 KK. Mwavuli wake mweupe unafanana na wa ndugu zake wanaoliwa, na wengi wamedhurika kwa kudhani wanajua. Kula ulichopanda mwenyewe kwa mbegu unayoijua.

Mama wa Langoni: Nimefukua. Ni kiwavi, mnene kabisa. Kuku amefurahi.

Basi mama, panda upya leo, na kuku mfungie.