Ukitaka Windows 98 iwake leo, inyime nguvu

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu kutoka Luanda ya Vihiga aliingia kwa kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, na sidii mbili amezifunga kwa gazeti, moja ni ya Windows 98, ile ingine ni programu ya kupanga maksi waliyotengenezewa shuleni miaka hiyo, na anataka tu kuona maksi za vijana wake. Nikaingiza kwa laptopu, Windows 10 ikakataa katakata. Na si ati sidii imekwaruzwa, hapana, programu yenyewe ni ya biti 16, mtindo wa zamani, na Windows ya biti 64, hii ya siku hizi, haifungui vitu vya biti 16 hata uibembeleze vipi. Sasa hapo una njia mbili, utafute kompyuta ya zamani, na hizo zilishabebwa na watu wa skrapu kitambo, ama uijenge hiyo kompyuta ndani ya laptopu yako. Hii ya pili ndiyo naandikia.

Wengi wetu tunakimbilia VirtualBox, programu ya kuwasha kompyuta ndani ya kompyuta, juu ndiyo tunaijua. Kwa Windows XP iko sawa, sina neno. Lakini ukirudi nyuma zaidi ya hapo inaanza kukusumbua, na sababu yake ni tamu kidogo wacha niieleze. VirtualBox inampa mgeni, yaani ile Windows unayoiwasha ndani yake, prosesa yako vile iko, na mbio zake zote. Sasa Windows 95 ikiwa inawaka kuna mahali inajipima, inazunguka kazi fulani ndogo mara nyingi, inaangalia saa imechukua muda gani, halafu inagawanya kwa huo muda. Prosesa za wakati huo zilichukua muda wa kuhesabika. Ukiipatia prosesa ya zaidi ya GHz 2.1, kazi inaisha kabla saa haijasonga, muda unasomeka sifuri, na kugawanya kwa sifuri hata mtoto wa shule ya msingi atakwambia haiendi. Hapo ndio unaona "Windows Protection Error" halafu kimya. Watu wametengeneza viraka vya kurekebisha hiyo kitu, lakini mimi naona ni kuziba paa huku mvua inanyesha.

Chukua 86Box badala yake. Ni ya bure, na yenyewe haikopeshi mgeni prosesa yako, inaigiza mashine nzima kipande kwa kipande: mamabodi ya kampuni fulani, prosesa ya mwaka fulani, kadi ya picha, saundi kadi, mpaka draivu ya flopi. Pakua programu yenyewe, halafu upakue na faili za ROM ambazo zinakuja kando, ziweke kwa folda inaitwa roms palepale 86Box iko. Ukisahau hizo ROM haiwaki, maana hizo ndizo baiosi za mamabodi zenyewe, ile programu ndogo inayoamsha mashine.

Sasa kosa la kila mtu, na nimelifanya: unafika kwa settingi unaona unaweza kuchagua, mkono unawasha, unaweka prosesa kubwa, RAM mingi, disiki kubwa. Wacha! Windows 98 iliandikwa kwa mashine ya 486 ya MHz 66 na RAM ya MB 16, hicho ndicho kiwango cha chini walichoandika wenyewe. Ukiipa zaidi ya MB 512 inaanza kulia ati haina memori, fikiria, umeilisha mpaka ikasema ina njaa. Mimi niliweka Pentium ya MHz 133, RAM MB 64, disiki ya GB 2. Kadi ya picha chagua S3 Trio64, ya sauti Sound Blaster 16, kwa sababu draiva zake, programu za kuziendesha hizo kadi, Windows 98 iko nazo tayari, hutahangaika kutafuta.

Angalia pale juu ya windo, kuna asilimia inaandikwa. Hiyo ndiyo daktari wako. Ikikaa kwa 100 uko poa. Ikishuka, laptopu imeshindwa kuigiza kwa wakati, na utasikia sauti inakatika katika kama redio ya matatu ikipita chini ya mlima. Mimi nilijaribu Pentium II kwa hii laptopu yangu ya eks-UK ikashuka mpaka 60 hivi. Usibishane nayo, rudi chini, punguza prosesa.

Kuinstoli sasa. Tafuta picha ya flopi ya kuwashia ya Windows 98, yaani faili yenye kila kitu cha ile flopi, ile ya MB 1.44, iweke kwa draivu ya flopi, na sidii uiweke kama ISO, faili moja iliyonakili sidii nzima. Ikiwaka chagua ile ya kuwasha na CD-ROM. Andika FDISK, hiyo ndiyo ya kugawa disiki, kubali disiki kubwa, tengeneza partisheni moja, yaani fungu moja, halafu uwashe upya, hiyo ya kuwasha upya usiiruke. Kisha FORMAT C: na unangoja. Kitu kitakachokuchanganya ni herufi: ile flopi inajitengenezea disiki ndogo ndani ya RAM na inachukua D, kwa hivyo sidii yako inasukumwa mpaka E. Nimeona watu wanapiga D: wanakuta vifaili vichache wanasema sidii ni mbovu. Usianze kuinstoli kutoka kwa sidii moja kwa moja, nakili kwanza:

MD C:\WIN98
COPY E:\WIN98\*.* C:\WIN98
C:\WIN98\SETUP

Inachukua muda lakini itakuokoa, kwa sababu Windows 98 kila ukiongeza kitu inadai sidii, na hapa itajichukulia kwa disiki yenyewe. Namba ya siri iko kwa kava ya sidii, mwalimu alikuwa nayo. Windows bado ni mali ya Microsoft hata kama imezeeka, kwa hivyo kama huna sidii na unataka tu kujifunza mkono, anza na FreeDOS, hiyo ni huru na inatosha kwa mambo mengi ya DOS, ule mfumo wa kuandika amri wa kabla ya Windows.

Ikishamaliza, izime vizuri, halafu nakili ile faili ya disiki, maana disiki yote ya hiyo mashine ni faili moja tu kwa laptopu yako, uiweke mahali pengine KABLA hujaichezea. Mimi sikufanya hivyo. Betri ya laptopu ilikufa zamani naitumia kwa waya tu, stima ikapotea katikati ya kuweka programu ya mwalimu, kurudi naona ScanDisk, ile ya kukagua disiki, inapita pita na skrini yake ya buluu, ikamaliza, na Windows ikagoma kuwaka. Siku nzima imeenda. Nikaanza tena kutoka FDISK, mwalimu amekaa kwa benchi anasoma lile gazeti la kufungia sidii, la mwaka sijui gani.

Na usiiunganishe na intaneti. Haina maana na haina ulinzi.

Programu ya maksi niliigeuza ISO nikaiingiza kama sidii, ikafunguka mara ya kwanza. Mwalimu akavuta kiti karibu, akashuka na kidole kwenye skrini jina kwa jina, huyu yuko Mombasa, huyu alikuwa na kichwa lakini mtoro, huyu ndiye daktari wetu sasa. Saa moja hivi. Alipotosheka nikamwonyesha namna ya kuzima, skrini ikawa nyeusi na yale maandishi ya rangi ya machungwa kwamba sasa unaweza kuzima kompyuta yako salama. Akaangalia laptopu mbele, akaangalia kando, akainama mpaka chini ya meza.

"Sasa kijana, swichi yake iko wapi?"