Kuhamisha diski za kompyuta ya zamani kwenda mpya bila kupoteza faili

Kulegeza skrubu nne na kuchomoa kebo mbili ni kazi ya dakika kumi. Kinachowapoteza watu faili zao mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: diski iliyofungwa kwa ufunguo ambao hakuna aliyeuandika, au kidirisha kilichouliza kama diski iandaliwe upya, na mtu akabonyeza OK. Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kushika bisibisi.

Hatua ya 1: Mashine ya zamani ikiwa bado inawaka

Nakili faili muhimu kwenye diski ya tatu. Kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) kama msimamizi uandike:

`manage-bde -status`

Ikionyesha kwamba diski yoyote inalindwa na BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaofunga diski nzima kwa ufunguo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa ulinzi kwa `manage-bde -off D:` (weka herufi ya diski yako) na kusubiri asilimia ishuke hadi 0. Ya pili ni `manage-bde -protectors -get D:`, kisha unakili namba ya tarakimu 48, ambayo ndiyo ufunguo, kwenye karatasi. Usiseme "mbona sijawahi kuulizwa namba yoyote". Kwa kawaida diski ya mfumo hufunguliwa kimyakimya na chipu ya usalama iitwayo TPM iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na chipu hiyo haihami na diski. Laptopu nyingi zenye Windows 11 huwasha ulinzi huu zenyewe mwenye mashine asijue.

Angalia pia faili zilizofungwa mojamoja kwa kutumia `cipher /u /n`. Zikiwepo, hifadhi cheti chake kwa `cipher /x`. Bila cheti hicho, hakuna ruhusa ya msimamizi itakayozifungua kwenye mashine mpya.

Mwisho zima kwa `shutdown /s /t 0`. Kuzima kwa kitufe cha kawaida huenda kukawa nusu usingizi, na diski ikatoka humo bila kufungwa sawasawa.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho

Diski ya inchi 3.5 na ya inchi 2.5 zinajulikana kwa macho, na kwa kawaida hutumia kiunganishi cha SATA. Ya kuangalia vizuri ni kadi ya M.2, ile diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Yenye mkato mmoja kwenye meno yake kwa kawaida ni NVMe, aina yenye kasi zaidi kuliko SATA. Yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA. Soma lebo uhakikishe, kwa sababu kadi ya SATA huingia vizuri kabisa kwenye nafasi ya NVMe, ikafungwa skrubu, halafu mashine isiione kamwe. Kwenye kitabu cha mazabodi mpya, tazama pia kama nafasi hiyo ya M.2 inazima soketi fulani za SATA. Nyingi hufanya hivyo.

Kama hifadhi ya laptopu imechomelewa kwenye bodi, hakuna cha kuhamisha. Nakili faili tu.

Hatua ya 3: Kuchomoa

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha la kompyuta ili umeme tuli ukutoke mwilini. Kwenye laptopu, tenganisha betri kwanza. Kichwa cha SATA kina umbo la L ndani. Kivute kinyoofu, kwani ukikipinda plastiki ya upande wa diski huvunjika. Skrubu za inchi 3.5 zina meno makubwa na za inchi 2.5 ni M3. Usizibadilishane.

Sasa jambo lililochoma diski nyingi. Kama pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya aina inayochomolewa kebo zake, acha kebo za umeme kwenye mashine ya zamani. Upande wa diski ni sawa kwa zote, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Plagi inaweza kuingia bila shida, na volti 12 zikafika mahali panapotegemewa volti 5. Kebo ya data haina neno, hamisha.

Hatua ya 4: Kufunga na kuwasha

Funga, washa, ingia BIOS kwanza, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Diski isipoonekana humo, tatizo ni kebo, soketi au aina ya kadi. Diski kubwa iliyotolewa ndani ya kasha la nje isipozunguka kabisa, huenda inazimwa na volti 3.3 za pini ya tatu ya plagi ya umeme ya SATA. Adapta ya kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani yenye pini nne) huondoa tatizo hilo.

Ikionekana BIOS lakini haina herufi kwenye Windows, fungua `diskmgmt.msc` uipe. Ukiulizwa kuhusu "Initialize" (kuandaa diski upya), au ukaambiwa diski ni RAW (Windows haitambui mpangilio wake) na inahitaji kufomatiwa, kataa. Mara nyingi data bado ipo. Diski iliyokuwa kwenye kasha la USB inaweza kusomeka hivyo kwa sababu tu kasha lilikuwa likibadilisha ukubwa wa sekta. Irudishe kwenye kasha lake unakili faili.

Folda za mtumiaji wa zamani zikikataa kufunguka, bonyeza Continue ukiwa msimamizi.

Hatua ya 5: Diski yenye Windows

Ushauri wangu ni kusakinisha upya kwenye diski mpya na kuifanya ya zamani kuwa ya faili tu. Leseni iliyokuja na mashine ya zamani kwa kawaida inabaki na mazabodi yake, hata ukihamisha mfumo mzima.

Ukilazimika kuwasha kwa diski ya zamani, angalia mambo mawili. Kama ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski) na mazabodi mpya inakubali UEFI pekee (njia mpya ya kuwashia, inayotaka mpangilio wa GPT), igeuze ikiwa bado kwenye mashine ya zamani: `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, kisha rudia ukiweka `/convert` badala ya `/validate`. Na ukikuta kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE wakati wa kuwasha, linganisha hali ya SATA kwenye BIOS (AHCI, RAID au VMD) na ile ya zamani.

Wakati wa kusakinisha upya, chomoa diski nyingine zote. Kisakinishi kikiikuta ya zamani kinaweza kuweka faili za kuwashia humo, na siku utakayoitoa, diski mpya haitawaka.