Pima kazi, usimpime mtu

Nadharia ya uongozi kulingana na hali, iliyotolewa na Paul Hersey na Ken Blanchard mwaka 1969, ina mitindo minne: kuelekeza, kushawishi, kushirikisha na kukasimu (kumwachia mtu kazi aiendeshe mwenyewe). Kiongozi huchagua mtindo kwa kuangalia uwezo na kujiamini kwa mtu katika kazi husika. Kosa kubwa ni kumpangia mtu mtindo mmoja kwa kila kazi. Mhasibu mahiri akipandishwa cheo kuwa msimamizi, hesabu bado anazijua, ila kugawa kazi na kutathmini wenzake ni mambo mapya kwake. Bosi akimwachia yote kwa sababu "ni mzoefu", mhasibu huyo atakwama kimyakimya, maana mzoefu huona aibu kuuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu kazi, jiulize: kazi hii hii ameshaifanya hadi mwisho bila msaada? Na je, anajiamini?

Hajaifanya? Mwelekeze: nini, vipi, lini, na mkague mapema, kabla kosa halijakua. Ameanza kuielewa lakini bado anakwama? Endelea kumwelekeza, ila sasa mweleze na sababu, mpe nafasi ya kuhoji: huko ndiko kushawishi. Anaiweza ila anasita? Hapo viongozi wengi huharibu kwa kumpa majibu. Mshirikishe: muulize angefanyaje, kisha nyamaza umsikilize.

Anaiweza na anajiamini: kasimu, pamoja na mamlaka. Ukimpa jukumu huku kila malipo madogo yanasubiri saini yako, bado hujakasimu. Mkubaliane siku ya kupeana taarifa, na kabla ya siku hiyo usimwingilie.