Dawa za jikoni: kipimo kwanza

Watu wakinijia kutaka dawa ya kikohozi, viungo wanavijua: tangawizi, ndimu, asali. Wasichouliza ni kiasi gani, kwa muda gani, na ni ya nani. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, nimekulia nyumba ambayo msimu wa karafuu hupati pa kukanyaga uani kwa majamvi. Bibi mzaa mama ndiye aliyenifundisha kupima. Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na kikombe chake cha bati na kijiko kimoja cha chai, na hakuruhusu mtu avibadilishe. Nami ndivyo ninavyofanya. Hapa nikisema kikombe, ni cha robo lita, na kijiko ni cha kusawazishwa juu, si cha mlima.

Basi tuanze na kikohozi. Chukua vipande viwili vya tangawizi mbichi, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Visugue kwa brashi udongo utoke, kisha vikate slesi nyembamba. Usivitwange, dawa itajaa mashapo na kukwaruza koo lilelile unalotaka kulituliza. Tia sufuriani na vikombe viwili vya maji na karafuu nne. Ikichemka punguza moto, funika, iache itokote robo saa. Halafu funua, ikauke mpaka kibaki kama kikombe kimoja. Chuja kwa kitambaa safi.

Hapa ngoja. Wengi humimina asali maji yakiwa bado yanafuka, harufu yake yote ikaenda na mvuke. Shika sufuria kwa kiganja. Ukiweza kuendelea kuishika bila kuruka, sasa tia kikombe kimoja cha asali na maji ya ndimu mbili, ukoroge. Weka kwenye chupa ya kioo uliyoichemsha na kuikausha vizuri. Kwenye friji inakaa wiki moja. Kama huna friji, pika robo ya kiasi hiki, imalizike siku ya pili. Ikitoa povu au harufu ya kuchacha, mwaga.

Mtu mzima anywe kijiko kimoja cha chakula asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mimi simpi hiyo tangawizi hata kidogo. Nampa asali tupu, nusu kijiko cha chai, anapokwenda kulala. Kikohozi cha usiku hutulia, na mama naye akapata usingizi.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa. Si kwa kulambishwa kidoleni, si kwenye uji, si ile ya nyuki wadogo inayouzwa ghali. Asali, hata iliyo safi namna gani, huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mkubwa linavimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga huamka na kutoa sumu ya kulegeza misuli mpaka kupumua kukawa shida. Kuichemsha jikoni hakuviui. Hili nalisema kila ninapokwenda kumwona mzazi, na kuna mashangazi wananikasirikia. Wakasirike tu.

Karafuu nayo, kabla hujaitumia, ijaribu. Bonyeza kichwa chake kwa ukucha: ikiwa nzima utaona mafuta yanachuruzika na kidole kitanuka mpaka jioni. Au idondoshe kwenye bilauri ya maji. Nzuri huzama, au huelea ikiwa imesimama wima, kichwa juu. Inayolala ubavu juu ya maji imeshakwisha mafuta. Hiyo itie kwenye pilau. Jino likiuma, sukutua kwanza kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi. Halafu twanga karafuu tatu, changanya na matone ya mafuta ya nazi, chovya pamba kidogo uiweke juu ya jino lenyewe. Utasikia ganzi inaingia taratibu. Kinachofanya kazi hapo ni eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, na madaktari wa meno wenyewe huitumia kwenye dawa zao. Lakini tundu liko palepale. Ganzi ni ya kukuvusha usiku tu, asubuhi uende kliniki ya meno. Shavu likivimba, homa ikipanda au mdomo ukishindwa kufunguka, usingoje asubuhi.

Mafuta ya karafuu yale ya chupa, yaliyokamuliwa, ni kitu kingine kabisa. Ni makali, yakipakwa matupu huunguza ufizi. Yaweke juu kabisa kabatini, kwa sababu mtoto akinywa kijiko kimoja au viwili vya chai anaweza kuharibika ini.

Mshubiri karibu kila nyumba unao, na karibu kila nyumba wanautumia vibaya. Jani lake lina vitu viwili. Ukilikata, kwanza hutoka utomvu wa njano, mchungu. Ndiyo shubiri yenyewe, ile ambayo akina mama hupaka chuchu wakitaka kumwachisha mtoto ziwa. Huo unaharisha kwa nguvu, na mjamzito asiuonje. Ndani ndimo kuna ute mweupe wa kupoza ngozi. Kwa hiyo kata jani la chini lililokomaa, lisimamishe ndani ya bilauri, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, kwa robo saa. Njano yote itashuka. Lioshe, menya, chukua ule ute upake palipoungua kidogo. Ila ukiungua, kwanza kabisa ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, ndipo mshubiri. Dawa ya meno usipake. Na kidonda cha moto kikitoa malengelenge makubwa, au kikiwa usoni au kwa mtoto mdogo, kikimbize hospitali.

Mchaichai hauna maneno mengi: majani matano, yafunge fundo, yachemshe dakika kumi, kunywa. Mimi huunywa tumbo likijaa gesi. Ukitaka kuukausha, anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huondoa harufu. Uko tayari ukikatika kwa mlio. Ukikunjika tu bado una maji, na ukiufungia mkebeni hivyo utapata ukungu. Andika tarehe juu ya mkebe.

Tumbo la kuharisha, wengi hukimbilia majani ya mpera. Sikatazi kwa mtu mzima. Kwa mtoto, kinachomwokoa ni maji mwilini. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ndiyo bora, na kituo cha afya watampa na zinki. Kama pakiti haipo usiku huo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika subiri kidogo uendelee. Macho yakimwingia ndani, au akishindwa kunywa, mbebe umkimbize kituo cha afya.

Mwarobaini naupenda kwa kuogea, majani konzi mbili kwenye ndoo, ngozi ikiwasha. Kuunywa kwa ajili ya homa, hapana. Homa inataka kidole kichomwe kwa kipimo cha malaria, na dawa yake ipo. Mtoto na mjamzito wasiunywe kabisa, wala mafuta yake.

Jingine ni la wenye dawa za kila siku za presha, sukari au za kuzuia damu kuganda. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, lakini punje tano mbichi kila asubuhi huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia kuganda, na vivyo hivyo kwa anayesubiri operesheni. Daktari akikuuliza unatumia dawa gani, usimtajie za duka la dawa pekee. Mtajie na za jikoni, kiasi na mara ngapi, na kama jina la jani hulijui, lifunge kwenye karatasi uende nalo.